Vijiwe vya Kioo vya Misri: Ni vya Zama Gani, na Vilikuwa vya Kazi Gani?

Katika nyumba za makumbusho za Cairo na London vimo vijipande vya kioo vya mviringo, upana wake kama wa sarafu. Vingi ni vya kijani, vingine buluu, kahawia au zambarau. Watu wa kale waliovitazama walidhani ni fedha za kioo. Sisi, ambao wengi wetu tumelelewa dukani na sokoni, yafaa tujue habari zake.

Rangi haimwambii mtu umri. Ukijani watokana na chuma kilichomo mchangani, na zambarau yatokana na manganizi, na mambo hayo yalikuwako kabla ya Uislamu na baada yake. Yenye kusema ni maandishi. Fundi alidondosha kioo cha moto, akakigandamiza kwa muhuri wenye jina la gavana kwa hati ya Kufi. Chenye jina la Qurra bin Sharik, basi, ni cha miaka ya 709 hadi 714, kwani ndiyo aliyotawala Misri.

Kazi yake yajulikana mizanini. Mwaka 77 wa Hijra Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alitengeneza upya dinari, uzito wake gramu 4.25 hivi. Kijiwe kilichoandikwa mithqali ya dinari hukaribia uzito huo huo. Cha nusu hukaribia nusu yake, na cha thuluthi vivyo hivyo. Vya fulusi za shaba huhesabiwa kwa kharuba. Mara nyingi huongezwa neno "wafi", yaani kamili.

Kwa nini kioo? Shaba hupata kutu, na mjanja huweza kuikwangua kidogo asijulikane. Kioo hakina kutu, na kikimeguliwa jeraha huonekana. Umma ulioteremshiwa Surat al-Mutaffifin haukuwa na budi kulishughulikia jambo hili, na serikali ililiwekea maofisa.

Viko na vingine vinavyofanana navyo, navyo vyataka uangalifu: ni mihuri iliyobandikwa vyomboni kuthibitisha kipimo cha adesi, cha tirmisi au cha mafuta. Chombo kilivunjika, muhuri ukabaki. Geuza nyuma: ukiona kipande cha ubavu wa chombo kilichopinda, huo si uzani.

Vya Wafatimi, waliotawala Misri tangu 969 hata 1171, vimeleta ubishi. Vina jina la Khalifa, lakini aghalabu havitaji uzito. Paul Balog alisema vilitumika badala ya sarafu ndogo za shaba, wengine wakamkatalia. Mimi naelekea kwa hao wa pili, kwani vingi vikipimwa huangukia dirhamu, maradufu yake au nusu yake, na kitu cha kununulia mboga hakihitaji kupimwa kwa uangalifu kiasi hicho.