Tairi la pikipiki ya zamani

Tairi la pikipiki ya zamani ni tairi linalotengenezwa kwa ajili ya pikipiki zilizoundwa kabla matairi ya radiali hayajaanza kutumika kwenye vyombo vya magurudumu mawili katika miaka ya 1980. Vintage Motor Cycle Club, chama kilichoundwa Uingereza mwaka 1946, huzipanga pikipiki hizo kwa umri: zilizotoka kabla ya 1915, za 1915 hadi 1930, za 1931 hadi 1945, na zilizofuata baada ya vita. Mpangilio huo unafaa kwa maonyesho na mashindano. Anayetafuta tairi ana mpangilio wake, nao unatokana na rimu.

Chuma kikitunzwa hudumu, mpira haudumu hata ukitunzwa. Mwenye BSA, Triumph, BMW au Honda ya zamani atalazimika kununua matairi mapya mara nyingi katika maisha ya mashine yake, huku kitabu chake cha maelekezo kikitaja tairi ambalo halijauzwa kwa miaka arobaini. Wengi huanza na sura, yaani michoro ya uso wa tairi inayofanana na ile ya picha za zamani. Mafundi wazoefu huanza kwingine: kwanza rimu, kisha nafasi iliyopo kwenye fremu, kisha umri wa mpira. Sura huja mwisho.

Namba za ubavuni

Matairi ya Uingereza, Ujerumani na Japani ya miaka ya 1950 hadi 1970 yaliandikwa kwa inchi, kwa mfano 3.25-19. Namba ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Kimo cha ukuta hakikuandikwa kwa kuwa kilichukuliwa kuwa karibu sawa na unene. Triumph Bonneville T120 ilipotoka mwaka 1959 ilivaa 3.25-19 mbele na 3.50-19 nyuma. BMW R69S ilitumia 3.50-18 mbele na nyuma. Honda CB750 ya 1969, ambayo iliwashtua watengenezaji wa Uingereza, ilikuja na 3.25-19 mbele na 4.00-18 nyuma.

Baadaye yakaja matairi yenye ukuta mfupi zaidi, bado kwa inchi: 3.60, 4.10 na kadhalika. Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu anayetoa 4.00-18 na kuweka 4.10-18 hudhani amepanda hatua moja ndogo, kumbe tairi jipya ni fupi zaidi, na sehemu ya nyuma ya pikipiki imeshuka kwa karibu sentimita moja. Kama spidomita inaendeshwa na gurudumu hilo, itaonyesha mwendo mkubwa kuliko wa kweli. Norton Commando za miaka ya 1970 zilitoka kiwandani na 4.10-19 mbele na nyuma, kwa hiyo kwao kipimo hicho ni halali kabisa. Si halali kwa kila mashine kwa sababu tu namba zinakaribiana.

Siku hizi vipimo vingi ni vya milimita. Kwenye 100/90-19, tairi lina upana wa milimita 100, ukuta wenye kimo cha asilimia 90 ya upana huo, na rimu ya inchi 19. Hesabu ya kulinganisha si ngumu. Tairi la 3.50-19 lina kipenyo cha takriban milimita 660, na la 100/90-19 takriban 663. La 3.25-19 linafika karibu 648, na 90/90-19 karibu 645. Kwenye karatasi, basi, yanaweza kubadilishana. Wamarekani nao wana herufi zao: MT90-16, tairi lililozoeleka kwenye Harley-Davidson, ni sawa na 130/90-16, nalo lilichukua nafasi ya 5.00-16 ya pikipiki zao nzito za katikati ya karne.

Baada ya kipimo hufuata namba ya uzito na herufi ya mwendo. Namba 57 maana yake tairi linabeba kilo 230. Herufi P inaruhusu kilomita 150 kwa saa, S 180, H 210. CB750 inayokaribia kilomita 200 kwa saa haifai kuvaa P, hata kama mwenyewe anasema haendi kasi tena. Herufi M/C nazo zisipuuzwe: zinaonyesha kuwa tairi ni la rimu ya pikipiki, kwa kuwa katika baadhi ya vipimo, kama inchi 17, rimu ya gari na ya pikipiki hupishana kwa milimita chache, na milimita hizo zinatosha kulifanya tairi lisikae. Ujerumani wana ukali wa ziada, kwani kipimo cha tairi huandikwa kwenye hati za usajili na mkaguzi hulinganisha.

Upana wa rimu

Ulinganifu wa kipenyo ni nusu tu ya hesabu. Rimu za zamani za spoki zilikuwa nyembamba, na upana wake ulitajwa kwa alama: WM1 ni inchi 1.60, WM2 ni 1.85, WM3 ni 2.15. Tairi la 3.25 au 3.50 lilibuniwa likae kwenye WM2. Sasa chukua 100/90-19 lile lile lililolingana na 3.50-19 kwa kipenyo. Watengenezaji wengi hulitaka liwe kwenye rimu ya inchi 2.50, na hawaruhusu chini ya 2.15. Likilazimishwa kwenye WM2, kingo zake hubanwa, uso wake hutuna katikati, na sehemu inayogusa barabara kwenye kona haiwi ile aliyoikusudia mbunifu. Pikipiki itakwenda, na kwenye barabara iliyonyooka mwendeshaji hatahisi chochote. Kwenye kona ya kasi itaanza kuyumba taratibu, naye atazilaumu shokomzoba. Tairi la 90/90-19 ni jembamba kiasi cha kukubali WM2, ndiyo maana kwa gurudumu la mbele la pikipiki nyingi za Uingereza ndilo mbadala salama, japo linaonekana dogo kidogo kwa jicho lililozoea tairi la asili.

Nyuma kuna kikwazo kingine: nafasi. Tairi la 110/90-18 lina kipenyo kinachokaribiana na 4.00-18 (655 dhidi ya 660), lakini upana wake ukikutana na kava ya cheni, mkono wa breki au madgadi ya chuma, kitakachokatwa ni mpira. Ni vizuri kupima nafasi kwa rula huku gurudumu likizungushwa kwa mkono, na kukumbuka kwamba tairi hutanuka kidogo likipata moto na kasi, na cheni ikivutwa gurudumu husogea nyuma. Tena 3.50 ya kiwanda kimoja si lazima iwe na upana wa 3.50 ya kiwanda kingine. Orodha nzuri za watengenezaji hutaja upana na kipenyo halisi, na hizo ndizo za kuaminiwa kuliko jina la kipimo.

Pikipiki za kabla ya mwisho wa miaka ya 1920 ni ulimwengu wa peke yake. Nyingi zilitumia rimu yenye midomo iliyojikunja ndani na tairi lisilo na waya pembeni. Kilicholishikilia ni ukingo wa mpira ulionasa kwenye midomo hiyo pamoja na nguvu ya upepo uliomo ndani. Upepo ukipungua, tairi huweza kuchomoka. Vipimo vyake vilianza na kipenyo cha nje: 26 x 2½ au 28 x 3. Ukitoa unene mara mbili unapata rimu, kwa hiyo 28 x 3 ni rimu ya inchi 22. Matairi ya aina hii bado yanatengenezwa kwa idadi ndogo, lakini tairi lenye waya halifungwi kwenye rimu hizo, wala hili halifungwi kwenye rimu za waya. Wanaozitumia sana pikipiki hizo barabarani hubadilisha rimu yenyewe, jambo linalowachukiza watunza asili na kuwafurahisha madaktari wa mifupa.

Michoro na mpira

Miaka ya 1950 tairi la mbele lilikuwa na mifereji mirefu inayoelekea mbele tu, na la nyuma lilikuwa na vipande vipande vya kushika barabara. Mifereji hiyo hushikilia mwelekeo vizuri kwenye lami nzuri, lakini ikikutana na nyufa ndefu za barabara au reli za tramu huzifuata kama ng'ombe anayefuata njia ya mtoni. Dunlop K70 lilikuja kuwa tairi la kazi zote katika miaka ya 1960. Kisha ikaja K81, yenye umbo linalokaribia pembetatu lililowezesha pikipiki kulala upande haraka zaidi. Mwaka 1969 kwenye mashindano ya Isle of Man, Malcolm Uphill akiwa juu ya Triumph Bonneville alikuwa wa kwanza kumaliza mzunguko kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa kwenye pikipiki ya aina inayouzwa madukani. K81 ikapewa jina la TT100, na tairi lenye jina hilo linauzwa mpaka leo.

Mchoro wa zamani si lazima uwe na mpira wa zamani. Avon ya Uingereza, Heidenau ya jimbo la Saxony na Bridgestone kwa BT46 yake wameweka kemia ya kisasa kwenye vipimo kadhaa vya zamani, na tofauti huonekana kwenye mvua. Upande wa pili yapo matairi yanayouzwa kwa sura, maarufu kati yake likiwa Firestone Deluxe Champion linalouzwa na Coker Tire ya Chattanooga, Tennessee. Kwenye gari la maonyesho au pikipiki nzito ya miaka ya 1940 linapendeza na linastahili. Kwenye pikipiki nyepesi iliyogeuzwa kuwa ya mbio za mjini, likiwa mbele na nyuma, uso wake bapa haupendi kona, na mwandishi huyu hajawahi kuelewa kwa nini mtu agharamie breki na injini kisha abane matumizi kwenye kitu pekee kinachogusa ardhi.

Tairi la zamani lisilotumika, lililokaa kwenye karatasi yake ghalani miaka ishirini, ni mtego mbaya kuliko sura. Mpira hukauka kwa hewa, joto na jua hata usiposafiri. Tangu 2000 tarehe ya kutengenezwa huandikwa kwa tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tarakimu tatu maana yake tairi limetengenezwa kabla ya 2000, na nafasi yake ni jukwaa la makumbusho. Watengenezaji wengi hushauri ukaguzi wa kila mwaka baada ya miaka mitano na kuliondoa tairi likifika kumi, hata kama mifereji imejaa. Sheria ya Uingereza hutaka kina cha angalau milimita 1 kwenye robo tatu ya upana wa uso, lakini pikipiki ya zamani ikikimbia kilomita mia chache kwa mwaka, tairi lake litazeeka muda mrefu kabla halijawa kipara.

Nyuzi, tyubu na upepo

Karibu matairi yote ya pikipiki za zamani yana nyuzi za mshazari. Radiali haichanganywi nayo, moja mbele na nyingine nyuma, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu waziwazi. Rimu za spoki huvujisha upepo kwenye vichwa vya spoki, hivyo tyubu ni lazima hata kama tairi limeandikwa kuwa halihitaji. Tyubu mpya huendana na tairi jipya, na utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki ubadilishwe pia. Nati ya valvu isikazwe kwenye rimu, kwa sababu tairi likisogea kidogo kwenye breki, valvu iliyobanwa huchanika shingoni, na tyubu huisha upepo ghafla. Vitabu vya miaka ya 1950 mara nyingi hutaja presha ndogo kuliko inavyotakiwa na matairi ya leo. Namba ya kufuata ni ya mtengenezaji wa tairi.

Mshale wa mwelekeo nao huzua ubishi. Kwenye baadhi ya matairi mshale wa mbele na wa nyuma hupingana kwa tairi lile lile, kwa kuwa gurudumu la nyuma husukuma na la mbele hubeba breki. Si kosa la kiwanda.

Afrika Mashariki suala la upatikanaji hugeuza kila kitu. Maduka ya vipuri vya bodaboda yamejaa 2.75-17, 3.00-17 na 3.00-18, kwa hiyo mwenye Honda ndogo ya zamani hana shida, na Vespa za Zanzibar zenye 3.50-10 zina matairi yao. Inchi 19 kwa pikipiki ya barabara ni adimu, na wapo wanaoamua kutengeneza gurudumu upya kwa rimu ya 18. Ufumbuzi huo unawezekana, lakini unashusha mbele ya pikipiki na kuufanya usukani uwe mwepesi kupita kiasi, hivyo kuagiza tairi sahihi kutoka nje, pamoja na ushuru wake, mara nyingi huishia kuwa nafuu. Tairi likifika, kilomita mia moja za mwanzo ziendeshwe taratibu na bila kulala sana kwenye kona, mpaka utelezi wa kiwandani uishe usoni.