Herufi S.F. hazitaji kiwanda

Mtu akishika reale ya Maria Theresa iliyolika, jicho lake hukimbilia herufi S.F. zilizo chini ya kifua cha malkia, kisha mwaka 1780 ulio upande wa tai. Zikisomeka, huona kazi imekwisha: sarafu imepigwa Günzburg, kusini mwa Ujerumani ya leo, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria. Kwa kweli kazi haijaanza. S.F. ni Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg, na sura hiyo ilianzia kwao. Lakini wafanyabiashara wa Arabuni na Uhabeshi waliizoea, wakawa wanazitilia shaka nyingine; ndipo viwanda vingine vikainakili nzima, herufi na mwaka vikiwamo. Vienna, Milan na Venice ziliipiga katika karne ya 19. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alichukua mihuri ya kupigia na kuipeleka Rome; London ikaanza kupiga zake mwaka 1936, na Bombay ikafuata wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Kwa hiyo alama ya kiwanda itafutwe pale ambapo mkono wa mchonga muhuri ulijisahau: lulu za bizimu ya begani, manyoya ya mkia wa tai, na mapambo yaliyo kati ya maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA ubavuni. Ugumu ni kwamba bega limeinuka, nalo hulika mapema. Hapo taa iwekwe ubavuni mwa sarafu, si juu yake, ili hata mzizi wa lulu iliyosagika utupe kivuli. Na dalili moja isiaminiwe mpaka ya pili iiunge mkono. Wapo watakaosema mizani inatosha. Haitoshi, kwa kuwa viwanda vyote vilifuata uzito wa takriban gramu 28 na fedha safi sehemu 833 kwa 1,000, na sarafu iliyolika imeshapoteza sehemu ya uzito wake.

Pingamizi zito zaidi ni hili: ikiwa fedha ni ileile, kiwanda kina maana gani? Kwa sonara, pengine hakina. Kwa historia ya pwani kina maana kubwa. Reale ya London haiwezi kuwa ilinunua karafuu Unguja enzi za Sayyid Said, aliyefariki 1856, hata kama 1780 inasomeka wazi juu yake. Isitoshe, kusoma sarafu kwa picha ni elimu ya zamani kwetu: reale ya Kihispania iliitwa reale ya mzinga kwa sababu nguzo zake mbili zilionekana kama mizinga. Ndiyo maana inauma kuona reale imesuguliwa kwa majivu na ndimu ili ing'ae. Herufi S.F. husalia, lulu ndizo zinazokwenda.