Aba, Abu, Abi

Neno la Kiarabu la baba ni fupi, lakini halitulii. Likisimama peke yake ni "ab". Likishikamana na jina jingine hufuata kazi yake katika sentensi: "abu" likiwa mtenda, "aba" likitendwa, "abi" likitanguliwa na kihusishi. Wanasarufi wameliweka katika kundi la "majina matano", nasi wanafunzi wa uzamili hulikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Nilikuwa nimeshalikariri kitambo nilipogundua kwamba irabu hiyo moja iliwahi kutumika kumpima imamu.

Imamu huyo ni Abu Hanifa, aliyefariki Baghdad mwaka 767. Ibn Khallikan, mwandishi wa wasifu aliyefariki 1282, anasimulia kwamba mwanasarufi wa Basra, Abu Amr ibn al-Ala, alimuuliza juu ya mtu aliyeua kwa kitu kizito: je, analipiziwa kisasi? Hapana, akajibu. Hata kama ni kwa jiwe la mtambo wa vita? Hata angempiga kwa jabali la Abu Qubays, akasema imamu, akitaja mlima ulio jirani na Kaaba. Ila alitamka "Aba Qubays" mahali ambapo sarufi inadai "Abi".

Waliotaka kumpunguza wakapata pa kushika: Kiarabu chake ni haba. Mimi siwezi kusahau kwamba mtu huyu aliyepimwa kwa irabu alikuwa wa asili ya Kiajemi.

Utetezi ndio unaonivutia zaidi. Wapo Waarabu, anaandika Ibn Khallikan, wanaosema "aba" popote pale, na upo ubeti wa kale wa kuthibitisha. Tena ndiyo lugha ya watu wa Kufa, na Abu Hanifa ni mtu wa Kufa. Yaani alizungumza kama kwao.

Leo lahaja zimeacha kabisa ugeuzaji ule, kila moja kwa njia yake. Misri "abu" ni "abu" popote. Algeria na Tunisia limebaki "bu", ile iliyomo katika Boumediene na Bourguiba. Hadhramaut lina sura ya "ba", nayo ikavuka bahari na akina Bawazir hadi Mombasa. Nasi Waswahili tuliligandisha vivyo hivyo: Abunuwasi ni Abunuwasi, awe amedanganya au amedanganywa.