Ramani za zamani za Naivasha: je, zinadanganya?

Juzi niliskani ramani ya zamani ya Naivasha, ile ya kipimo cha 1:50,000, nikailaza juu ya picha za setilaiti. Lo! Ukingo wa kreta ya Longonot ulikaa kando kwa mita mia tatu hivi. Nikalaumu kodi yangu usiku mzima. Kumbe kodi haikuwa na kosa.

Tuanze nyuma kidogo. Mskoti Joseph Thomson alipita hapa mwaka 1883 na kuupanda Longonot. Wasafiri kama yeye walichora zaidi njia waliyopitia. Ramani zenye kontua za nchi nzima zilikuja baadaye. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake. Ndege za kijeshi zikapiga picha kutoka angani, na wachoraji wakazigeuza kuwa milima, mito na barabara kwenye karatasi.

Sasa hesabu. Ramani hizi zimefungwa kwenye mfumo wa Arc 1960, unaotumia umbo la dunia alilokadiria Clarke mwaka 1880. GPS hutumia WGS84. Ukisoma latitudo na longitudo kwenye karatasi na kuziingiza kwenye GPS bila kuzigeuza, utapelekwa karibu mita 300 kaskazini na mita 90 magharibi ya mahali penyewe. Kwenye karatasi ni milimita sita tu. Kwenye ukingo wa Longonot ukungu ukishuka, ni maisha yako.

Nilipogeuza mfumo, mlima ukakaa sawa. Ziwa likakataa!

Hapo hakuna programu ya kukusaidia, kwa sababu mlima hausogei lakini Ziwa Naivasha hupanda na kushuka. Ule mstari wa buluu ni ukingo wa maji siku picha ilipopigwa, basi. Mwaka 2020 maji yaliingia mtaa wa Kihoto na familia nyingi zikahama. Wengi walisema ziwa limevamia watu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kununua ploti karibu na ziwa, usiulize mstari wa buluu uko wapi. Tazama kontua: ploti imeinuka mita ngapi juu ya maji? Kisha soma pambizo la ramani, mfumo gani na mwaka gani. Ramani haidanganyi. Inajibu swali la siku yake, nasi tunaiuliza la leo.