Presha Si ya Ukoo Tu

Wasee, mnasikianga watu wakisema "presha iko kwa damu yetu"? Hebu tuangalie historia.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Donnison, aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu South Kavirondo, pande za Kisii. Alipima watu 1,000. Huko presha haikupanda na umri kama ya Wazungu. Uzeeni hata ilishuka.

Miaka ya 1980, watafiti wakafuatilia Waluo waliotoka ushago kuja Nairobi, wakiwalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa 1990. Miezi michache tu mjini, presha yao ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Mkojo ulionyesha chumvi nyingi zaidi, potasiamu kidogo. Moyo nao ulipiga kasi zaidi.

Damu ni ileile, ukoo ni uleule. Kilichobadilika ni sahani na maisha.

Sasa sisi tuliozaliwa hapa Kanairo hatukupata hata hiyo nafasi ya kuanzia chini. Kwa hivyo usingoje uzee ndio upimwe presha. Na pale kwa kibanda, onja chipo kwanza kabla hujamwaga chumvi.