Shika Shingo: Historia ya Kiti Kinachomfanya Mtoto Aangalie Nyuma

"Shika shingo!" Hakuna msee wa Riruta hajawahi kuambiwa hivyo. Ukipewa mtoto mchanga umbebe, hata kabla hujamweka vizuri mkononi, shosho, mathe ama jirani wa plot ashapiga kelele. Kila mtu anajua shingo ya mtoto haiwezi kubeba kichwa chake. Hiyo elimu hatukusomea popote, tumeipata nyumbani.

Halafu tunaingia kwa gari na hiyo elimu yote inabaki stegi.

Leo nawaletea historia ya kiti cha mtoto cha gari, hasa kile kinachomfanya mtoto aangalie nyuma, na kwa nini anafaa kukaa hivyo kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Najua kuna mtu ashaanza kusema hizi ni stori za watu wa Karen na Runda. Ngoja kidogo. Mimi naona hii ni historia ya nani anahesabiwa kuwa abiria, na hapo sisi wa matatu za 46 tuna maneno mengi ya kusema kuliko watu wa Karen.

Kwanza tuelewane kuhusu shingo. Mtoto akizaliwa, kichwa chake ni karibu robo ya urefu wa mwili wake wote. Yako wewe ni kama sehemu moja kwa saba au nane. Na ile mifupa ya shingo yake bado haijawa mifupa kamili: ni vipande vilivyoshikanishwa na gegedu, kitu laini kama ile ya sikio. Kukomaa kwake kunachukua miaka, si miezi.

Sasa gari ikigonga kwa mbele, kila kitu ndani kinataka kuendelea na safari. Mtoto anayeangalia mbele atashikwa kifua na mikanda ya kiti, lakini kichwa hakijashikwa na chochote. Kinaenda, na shingo ndiyo inavutwa. Anayeangalia nyuma anasukumwa ndani ya kiti chake: kichwa, shingo na mgongo vinaegemea kitu kimoja kwa wakati mmoja. Yaani kile kiti kinafanya kazi ya ule mkono wa shosho.

Hii akili haikuwa hapo tangu mwanzo. Viti vya watoto vilikuwepo tangu miaka ya 1930, lakini kazi yake ilikuwa kumwinua mtoto aone nje na asimsumbue dereva. Usalama haukuwa kwa mazungumzo. Hata mkanda wa pointi tatu tunaoujua leo ulikuja 1959, wakati injinia wa Volvo anaitwa Nils Bohlin aliubuni. Huo ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Mtoto bado alikuwa mzigo tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mswidi mmoja anaitwa Bertil Aldman aliangalia wanaanga wa Marekani. Kwa vile vyombo vya Gemini, mwanaanga alikuwa analala chali, mgongo wake ukibeba nguvu yote ya roketi. Aldman akajiuliza: kama mgongo unaweza kumsaidia mtu mzima mwenye misuli, kwa nini usimsaidie mtoto? Akatengeneza kiti cha majaribio kinachoangalia nyuma, na Volvo wakaanza kukijaribu mwaka wa 1964. Kuanzia hapo Waswidi walishikilia mtindo mmoja: mtoto huangalia nyuma mpaka awe na miaka kama minne. Mpaka leo nchi yao ni kati ya zile zenye vifo vichache sana vya watoto wadogo ndani ya magari.

Kwingine ilikuwa polepole, na Marekani ndiyo mfano mzuri wa jinsi watu wazima hujadiliana bei na shingo ya mtoto. Jimbo la kwanza kupitisha sheria ya viti vya watoto lilikuwa Tennessee. Daktari wa watoto, Robert Sanders, aliisukuma mpaka ikaanza kufanya kazi Januari 1978. Lakini wabunge waliweka mlango wa nyuma: mtoto angeruhusiwa kupakatwa na mtu mzima badala ya kuwekwa kwa kiti. Waliopinga huo mlango walisema unageuza mwili wa mama kuwa kitu cha kumponda mtoto wake mwenyewe. Ilichukua hadi 1981 kuufunga.

Soma hiyo tena. Hata huko, kitu cha kwanza walichotetea ni kupakata.

Kisha ikaja vita ya umri. Kwa miaka mingi wazazi wa Marekani waliambiwa mtoto akifika mwaka mmoja na kilo kama 9, mgeuze aangalie mbele. Mwaka wa 2011 chama cha madaktari wa watoto wa huko kikasema hapana, angalau miaka miwili. Mwaka wa 2018 wakaondoa hata hiyo namba: aangalie nyuma kwa muda wote ambao kiti chake kinaruhusu kwa uzito na urefu. Ulaya nayo, kanuni mpya ya viti iliyoanza 2013 inaitwa R129, ilisema asigeuzwe kabla ya miezi 15.

Umeona vile namba inapanda? Shingo ya mtoto haikubadilika kati ya 1978 na 2018. Kilichobadilika ni kiasi cha usumbufu ambacho watu wazima walikuwa tayari kuvumilia. Na usumbufu wenyewe mara nyingi ni huu: "Miguu yake haitoshi." Mtoto wa miaka mitatu anakunja miguu, anaiweka juu ya kiti, anaendelea kula biskuti yake. Yeye hana shida. Na hata ikitokea ajali, mguu ukivunjika hufungwa plasta ukapona. Shingo haifungwi plasta ukaambiwa urudi baada ya wiki sita.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa Kenya historia ilipitia njia yake.

Mwaka wa 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya usafiri wa umma. Jina lenyewe lilitokana na nauli, senti kumi tatu. Kuanzia hapo biashara ilijengwa kwa hesabu moja: watu wangapi wanaweza kuingia. Ukiongeza kichwa, unaongeza pesa. Kwa miongo mitatu hiyo ndiyo ilikuwa fizikia ya barabara zetu.

Halafu akaja John Michuki. Sheria zake zilitangazwa 2003 na zikaanza kufanya kazi Februari 2004: mikanda kwa kila kiti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni, makanga na dereva wavae sare. Nissan iliyokuwa inabeba 18 ikashushwa hadi 14. Matatu ziligoma, watu wakatembea kwa miguu hadi tao, lakini Michuki hakuyumba. Kwa mara ya kwanza serikali ilisema abiria ni mtu mwenye kiti chake na mkanda wake, si nafasi ya kujazwa. Mimi nilikuwa mtoto, na nikiangalia nyuma naona huo ulikuwa wakati mkubwa kuliko tunavyousifu.

Lakini kuna abiria mmoja aliachwa nje ya hiyo hesabu. Panda 46 sasa hivi, hapo Kawangware ama tao. Makanga anahesabu: mmoja, wawili, mpaka kumi na nne. Mama ana mtoto wa miaka miwili. "Huyo mpakate, mathe, ama ulipie kiti." Mtoto akipakatwa halipi, na kwa sababu halipi, hahesabiwi. Gari ya watu 14 inaweza kuwa na roho 17, na hakuna mtu ataona imejaza. Hata ikifika kwa karao na makanga aseme "fungeni mikanda, kuna watu mbele", mama atafunga wake. Mtoto hana wa kufunga. Ule mlango wa nyuma wa Tennessee walioufunga 1981, huku kwetu ndio mlango mkuu.

Na simlaumu mama. Fea ya mtu wawili, kwenda na kurudi, kila siku, ni pesa ya unga. Sitakaa hapa nimwambie mtu wa Kabiria anunue kiti cha maelfu akibebe begani akingoja mat mvuani.

Ila lazima tuseme ukweli kuhusu kupakata, kwa sababu kuna uongo tunajiambia: "Nimemshika." Sikumaliza chuo, lakini fizikia ya Fomu Tri inatosha hapa. Gari ikienda kilomita 50 kwa saa ikagonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 atavuta mikono yako kwa nguvu kama ya kubeba kilo karibu 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi, yale ya kilo 90, na bado kuna chenji. Hakuna mathe, hakuna msee wa jimu, anayeweza kushika hiyo. Mapenzi hayaongezi nguvu ya mikono. Na kama mama mwenyewe hajafunga mkanda, uzito wake pia unaenda juu ya mtoto.

Najua pingamizi moja, na ni ya maana. Mwaka wa 2024 zaidi ya watu 4,700 walikufa kwa barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi ni watembea kwa miguu. Mtu atasema mtoto wa Kawangware anahitaji mahali salama pa kuvuka Naivasha Road kabla ya kiti kutoka Uswidi. Nakubali anahitaji hicho kivuko, tena jana. Lakini huyo mtoto anayevuka asubuhi ndiye huyo anayepakatwa jioni. Hatuwezi kumwambia achague ajali moja ya kukingwa.

Na mambo yamebadilika mtaani. Uber iliingia Nairobi 2015, wengine wakafuata, na leo hata mtu wa Satellite huita gari ya apu akitoka hosi na mtoto wa siku mbili. Kuna Vitz na Demio kwa kila ploti. Wengi wanaoziendesha ni watu wa rika letu. Kwa hiyo hii posti si ya wazazi peke yao. Ni ya dereva wa apu, ni ya ankoli na anti wanaotumwa kuchukua mtoto bebikea.

Kama unaendesha, fanya hivi leo. Ingiza vidole pale kiti cha nyuma kinapokutana na mgongo wake. Magari mengi ya Japani ya miaka ya karibuni yana vyuma viwili vimejificha hapo. Hiyo ni ISOFIX, imewekwa kwa ajili ya kiti cha mtoto, na kuna watu wana gari miaka mitano hawajawahi kuigusa. Hata kama haina, viti vingi hufungwa na mkanda wa kawaida. Usiwahi kumweka mtoto anayeangalia nyuma kwa kiti cha mbele chenye eabegi inayofanya kazi, maana ikifyatuka itampiga mgongoni mwa kiti kwa nguvu ya kuua.

Kama unanunua mitumba, angalia stika ya rangi ya machungwa iliyoandikwa R44 ama R129, angalia tarehe ya kutengenezwa, na kiache kama kina ufa ama muuzaji hajui kilitoka wapi. Kiti kilichopitia ajali kimeshamaliza kazi yake. Na ukishakipata, usigeuze mtoto kwa sababu amefikisha birthdei. Soma uzito ulioandikwa kwa kiti, mwache aangalie nyuma mpaka aufikie. WHO inasema viti hivi vinaweza kupunguza vifo vya wachanga ndani ya magari kwa karibu 70%. Ni nadra kupata kitu cha plastiki na sponji chenye kazi kubwa hivyo.

Kwa serikali nina moja tu. Mwaka wa 2008 pikipiki ndogo ziliondolewa VAT, na boda zikajaa kila kona ya nchi. Kwa hivyo tunajua kalamu moja ya waziri wa fedha inaweza kubadilisha vile watu wanasafiri. Hiyo kalamu ielekezwe kwa kiti cha mtoto, na hospitali za kujifungulia ziweze kuvikopesha kwa wazazi. Na kwa matatu, mtoto apewe kiti chake kwa nauli ndogo inayojulikana, ili makanga asiwe ndiye anaamua kama mtoto ni mtu.

Michuki alituonyesha kwamba abiria wanaweza kuhesabiwa upya, hata wenye magari wakigoma. Ilifanyika 2004 kwa watu wazima. Miaka zaidi ya 20 imepita, na hesabu bado inaishia kumi na nne.