Batman alikuwa wa giza kwa muda gani hasa?

Januari 12, 2026 ilitimia miaka 60 tangu kituo cha televisheni cha ABC nchini Marekani kirushe kipindi cha kwanza cha Batman wa mwigizaji Adam West: nguo za kijivu na buluu, mkanda wa njano kiunoni, na kila ngumi ikiandikiwa mlio wake kwenye kioo kwa herufi kubwa za rangi. Hadi tamthilia hiyo inazimwa Machi 1968, vipindi 120 vilikuwa vimerushwa. Watoto walimwona shujaa, wazazi wao wakaona kichekesho, na wote waliketi sebule moja saa ile ile. Lakini lilikuwapo kundi la tatu ambalo halikucheka, na kinyongo chake kingalipo.

Hoja ya kundi hilo ni nyepesi kuieleza. Batman ni mtoto aliyeona baba na mama yake wakiuawa kwa risasi mbele ya macho yake, akakua na jeraha hilo, akaliapia. Mtu wa namna hiyo si wa kuchezewa. Ndiyo maana Novemba 14, 2008, Cartoon Network ilipoanza kuonyesha katuni ya “Batman: The Brave and the Bold”, yenye rangi kali, roboti wakubwa na shujaa wa bahari, Aquaman, anayejisifu kwa sauti ya ngurumo, wapo waliosema shujaa wao wa jadi amedhalilishwa.

Basi na tuiangalie hiyo jadi. Mengi ya hapa nimeyachota kwa Glen Weldon, aliyeandika “The Caped Crusade” mwaka 2016, na katika kumbukumbu za mtayarishaji wa filamu Michael Uslan, ambaye yuko upande wa pili kabisa wa ugomvi.

Batman alitoka kwa mara ya kwanza katika jarida la Detective Comics namba 27, toleo la Mei 1939. Michoro ilikuwa ya Bob Kane; sehemu kubwa ya fikra ilikuwa ya Bill Finger, mtu aliyekufa mwaka 1974 jina lake likiwa halijaandikwa popote kama mbunifu mwenza, aibu iliyorekebishwa mwaka 2015 tu. Batman huyo wa mwanzo alikuwa mkali kweli. Alimpiga mhalifu ngumi akatumbukia katika pipa la asidi, na hakusikitika. Baadaye akalinyonga jitu kwa kamba iliyoning’inia kwenye ndege yake, na hapo mhariri Whitney Ellsworth akasema basi, Batman haui tena. Hata kisa cha wazazi kuuawa, ambacho leo kinachukuliwa kuwa nguzo ya kila kitu, hakikuwapo siku ya kwanza. Kiliongezwa katika toleo la Novemba.

Kisha, Aprili 1940, akaingia Robin, kijana wa sarakasi mwenye nguo nyekundu na kijani. Finger alitaka Batman apate mtu wa kuzungumza naye, maana shujaa anayewaza peke yake kurasa nzima humchosha mwandishi. Hesabu mwenyewe: kutoka Mei 1939 hadi Aprili 1940 ni miezi kumi na moja. Huo ndio umri wa Batman mpweke wa giza kabla hajaanza kutabasamu.

Na alitabasamu muda mrefu. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alishambulia majarida ya vibonzo kwamba yanaharibu watoto, wachapishaji wakajiwekea kanuni kali, na vitisho vikaondolewa kurasani. Batman akapata mbwa mwenye barakoa, Ace, mwaka 1955. Mwaka 1957 alivaa nguo za rangi zote za upinde wa mvua. Mwaka 1959 akaja Bat-Mite, kijitu cha ulimwengu mwingine chenye uwezo wa ajabu, shabiki mkubwa anayemletea Batman balaa kwa kumpenda mno. Huyo tutamrudia.

Kwa hiyo Adam West hakubuni mzaha. Aliurithi.

Hapa ndipo anapoingia Uslan. Januari 1966 alikuwa mvulana wa miaka 14 huko New Jersey, mwenye vibonzo vingi kuliko alivyoweza kuvipanga. Anasimulia kwamba alikaa mbele ya televisheni akiwa na hamu kubwa, kisha furaha ikageuka hasira alipotambua kwamba dunia nzima inamcheka Batman. Akaweka nadhiri ya kumrudishia heshima. Watu wengi huweka nadhiri wakiwa na miaka 14, huyu aliitimiza. Mwaka 1979 yeye na mshirika wake, Benjamin Melniker, walinunua haki za kumtengenezea Batman filamu, na kwa miaka walizungushwa na studio ambazo hazikuweza kumfikiria Batman bila kumwona West.

Filamu ilitoka mwaka 1989 chini ya Tim Burton. Kabla yake, mashabiki waliposikia kwamba Batman ataigizwa na Michael Keaton, mtu waliyemjua kwa vichekesho, waliimwagia kampuni ya Warner barua za malalamiko zinazotajwa kufika 50,000. Waliogopa West mwingine. Keaton akawapa Batman wa giza waliyemtaka, na sijasikia aliyeandika barua ya pili kuomba radhi.

Hatua nyingine zinajulikana. Denny O’Neil na Neal Adams walimrudisha usiku katika vibonzo vya miaka ya 1970, Frank Miller akamzeesha na kumkasirisha mwaka 1986, katuni ya mwaka 1992 ikamchora juu ya karatasi nyeusi, na Julai 2008 “The Dark Knight” ya Christopher Nolan ikajaza kumbi za sinema.

Miezi minne baadaye, kampuni ile ile ya Warner ikaleta katuni ya mzaha. Mtayarishaji James Tucker na mwenzake Michael Jelenic walimchora Batman kwa mtindo wa Dick Sprang, mchoraji wa enzi za rangi, na kila kipindi wakampa mwenza tofauti. Sauti ilikuwa ya Diedrich Bader, ambaye aliizungumza kwa uzito mtupu. Vituko vyote vilikuwa pembeni yake. Siri ya kichekesho kile ilikuwa hapo: Batman mwenyewe hacheki.

Manung’uniko yalipokuja, watengenezaji waliyajibu ndani ya katuni. Katika kipindi cha mwaka 2009 kinachoitwa “Legends of the Dark Mite!”, Bat-Mite anajikuta mbele ya ukumbi wa mashabiki. Mmoja anasimama na kulalama kwamba huyu si Batman wake. Bat-Mite anasoma jibu: Batman amesomwa kwa namna nyingi, na huyu mchangamfu hana uhalali pungufu kuliko mlipiza kisasi anayewalilia wazazi. Aliyeandika kipindi hicho ni Paul Dini, mmoja wa waandishi wakuu wa ile katuni ya giza ya 1992. Aliyelijenga giza ndiye aliyeutetea mwanga.

Kwangu mimi jibu hilo linatosha. Abunuwasi wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad, na sisi tumemsimulia vizazi kadhaa kama mjanja wa kuchekesha bila mtu kudai kwamba tumemvunjia heshima.

Dini aliongeza jibu la pili, bora zaidi. Aprili 2010 katuni hiyo hiyo ilitoa “Chill of the Night!”, Batman akikutana na Joe Chill, muuaji wa wazazi wake. Hakuna mzaha mle. Baba yake aliigizwa kwa sauti na Adam West, mama yake na Julie Newmar, Catwoman wa tamthilia ya 1966. Sauti nyingine mbili zilitoka kwa Kevin Conroy na Mark Hamill, Batman na Joker wa 1992. Watu wa kambi zote mbili waliingia studio kusimulia kisa kimoja.

Katuni hiyo ilifungwa Novemba 2011 baada ya vipindi 65. Katika kipindi cha mwisho Bat-Mite amechoshwa na mzaha, anafanya hila ili ifutwe na nafasi yake ichukuliwe na katuni ya giza. Ikawa hivyo kweli: “Beware the Batman”, yenye giza la kutosha, ilianza mwaka 2013. Iliishia vipindi 26.

Msomaji ambaye bado ana shaka asianze na roboti wala Aquaman. Aanze na “Chill of the Night!”, ambayo haifiki nusu saa, kisha ndipo aniambie kama mzaha ulimharibu mtu.